Injini Mbili Uani

Januari 23

Leo siku ya tisa ya eda. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, kanipa penseli na daftari nihesabu siku mwenyewe, asije mtu akanikosesha. Daftari lenyewe ni langu la gereji. Kurasa za mbele zimejaa michoro yangu ya nyaya, nyekundu inatoka wapi, nyeusi inakwenda wapi. Nimeligeuza nikaanza nyuma. Miezi minne na siku kumi, chumba kimoja, dirisha moja. Dirisha linatazama uani, na uani ndiko iliko gereji. Aliyeamua nikalie eda chumba chetu hiki ama ananipenda sana ama hanipendi hata chembe.

Januari 24

Mvua. Nimesikia Isaya akiburuta mabati ya gereji.

Januari 27

Niyaandike yalivyokuwa, maana kichwani yanazunguka tu na hayaishi.

Mume wangu Twahiru alikuwa fundi injini. Mimi, Zulfa, ni fundi umeme wa magari. Mdogo wake, Yassini, ni dereva. Isaya ni mchomeleaji, hana udugu na sisi ila amekula kwetu miaka sita. Sisi wanne tulilitengeneza gari lile kutoka bodi tupu. Tulikata paa, tukapunguza uzito, tukaweka matairi mapana yasiyozama, tukapandisha bomba la hewa hadi juu ya kichwa cha dereva ili injini ipumue hata kwenye maji. Hakukuwa na gari kama lile kutoka Rahaleo hadi Nanyamba, na tulijivuna nalo kupita kiasi.

Kazi yake ilikuwa kubeba kaa wa mikoko kutoka mdomoni mwa Ruvuma kuja mjini. Kaa wale hununuliwa wakiwa hai. Akishakufa, hata ukimtoa bure hakuna anayemtaka. Barabara ya ndani wakati wa masika ni tope la saa tano, sita. Lakini siku za bamvua, maji yakipwa sana, ukipita ufukoni na kuvuka mkondo mmoja wa chumvi, unafika mjini kwa saa mbili. Ila uvuke kabla maji hayajarudi.

Januari 14 gari lilizima katikati ya mkondo. Yassini alikimbia kijijini kutafuta watu. Twahiru akabaki, akaingia chini ya gari kufunga kamba ya winchi, tope likalegea, gari likamlalia. Yassini aliporudi na wanaume wanane walikuta bomba la hewa tu limesimama juu ya maji.

Basi. Nimeandika.

Februari 2

Wamelivuta gari hadi nyumbani. Sikuchungulia, ila harufu ya chumvi na tope imeingia chumbani hata nilipofunga dirisha. Bi Somoe alitoka kulitazama, akarudi akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Februari 6

Leo nimesikiliza ugomvi tangu saa tatu hadi adhuhuri.

Sherali, mwenye duka la vipuri mjini, kaleta injini mbili kwa lori lake dogo. Kasema wachague moja, nyingine ataifuata. Moja ni ya turbo yenye kontroboksi, kompyuta ya kuiongoza, ile ile aina iliyokuwamo. Nyingine ni ya kizamani, ya pampu na nozeli, nzito, haina kompyuta hata ya dawa.

"Mimi nauza, sichagui," Sherali alisema. "Nyinyi ndio mafundi. Lakini poleni sana, kijana alikuwa mtu wa watu."

Isaya akasema, "Sikiliza, Yassini. Injini ya pampu haijui hata kama betri ipo. Ukishaiwasha, ng'oa betri utupe baharini, yenyewe inakwenda. Ile nyingine tone moja la chumvi kwenye boksi, imekufa."

"Inakwenda, inakwenda lini? Nitafika na supu ya kaa."

"Utafika."

"Ile ina nguvu mara mbili ya hii! Tope la pale linataka mzunguko wa haraka, gari lipae juu juu. Hii itachimba mpaka ifike Msumbiji."

Mbishi yule Yassini. Ana sauti ya mtu anayeuza samaki. Tena akasema jambo lililonifanya niache kushona. "Kaka aliichagua turbo. Alikuwa na akili kuliko sisi sote hapa. Injini aliyoichagua kaka ndiyo itakayorudi."

Isaya akarudi kwenye mabati yake. Ni nani atabishana na maiti?

Februari 7

Bado wanabishana. Yassini kaleta hata habari ya injini ya petroli ya silinda nane aliyoiona kwa mtu Mtawanya. Isaya kamuuliza kama anataka kubeba kaa au anataka kwenda mwezini. Nilicheka, kisha nikaona haya, Bi Somoe alikuwa mlangoni.

Februari 12

Hakuna.

Februari 19

Siku thelathini na sita. Kuna jambo sijaliandika.

Twahiru hakuichagua turbo. Niliichagua mimi.

Yeye alitaka ya pampu. Tulibishana wiki nzima, chumbani humu humu, mwezi wa kumi. Alisema maneno yale yale anayoyasema Isaya, maana Isaya aliyatoa kwake. Nami nikamjibu kwa maneno yale yale anayoyasema Yassini: nguvu, wepesi, dakika arobaini tunazookoa, kaa wanaofika wakitembea. Yote yalikuwa kweli. Lakini hayakuwa sababu.

Sababu ni kwamba injini ya pampu haihitaji fundi umeme. Wakati tunasuka gari lile Twahiru alikuwa akinitania mbele ya watu: "Tukiweka ya pampu, mke wangu atabaki fundi taa." Wanaume wakacheka, naye akacheka, hakuwa na ubaya wowote. Mimi nimesoma chuo miaka miwili darasa lenye wasichana wawili. Sikutaka kuwa fundi taa. Nilitaka gari lile lisiweze kutoka uani bila mkono wangu. Nikambana mpaka akachoka, akasema haya, na kwa wengine akasema ameamua yeye, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hakupenda watu waseme kaamuliwa na mkewe.

Na sasa mdogo wake anataka kuingia maji yale yale na injini ile ile kwa ajili ya heshima ya kaka yake. Anaheshimu kiburi changu tu, na hajui.

Februari 28

Mvua siku tatu mfululizo. Uani kumejaa maji, injini zote mbili zimefunikwa turubai moja. Kutoka dirishani zinafanana.

Machi 2

Ramadhani imeanza. Kazi uani imepungua. Yassini anakaa kwenye kopo la rangi mbele ya gari mchana kutwa, hafanyi kitu. Nilikuwa nikimwona mtu wa makelele tu. Akiwa peke yake hana sauti kabisa.

Machi 5

Nilimwomba Bi Somoe aniletee kontroboksi ya zamani. Imetupwa kwenye ndoo ya vyuma karibu na ukuta.

"Unaitakia nini?"

"Nataka kuiona, mama."

"Mtu wa eda anasoma Qur'ani. Hachezei vyuma." Akaondoka. Baada ya alasiri alirudi na ungo wa mchele, akaniwekea mapajani, akasema chambua. Chini ya mchele palikuwa na boksi. Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Nimekaa na mama huyu miaka saba nikimwita, moyoni, askari magereza.

Machi 6

Nimeifungua kwa kisu cha kukatia mboga. Pembe tatu kavu, safi kama ilivyotoka kiwandani. Pembe ya nne imeliwa na chumvi, kijani kitupu, pini mbili zimekatika.

Kuizunguka boksi ile nilipaka silikoni mimi mwenyewe, kuzuia maji. Silikoni inataka siku nzima kukauka. Nilipaka asubuhi ya tarehe 14, saa kumi na moja, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimeifungua tena kurekebisha kitu kidogo kisicho na maana. Saa moja Twahiru alikuwa ameshawasha. Aliniuliza dirishani, hapa hapa nilipokaa, "Imekauka?"

Nikamwambia imekauka. Bamvua ile isingengoja, na sikutaka aseme umeme wangu unachelewesha gari.

Neno moja. Najua sasa kwamba haikuwa bahati mbaya, wala mkondo, wala tope. Ee Mola, nisamehe, nilimjibu nikiwa nasuka nywele.

Machi 8

Nimemwambia Bi Somoe. Yote, ya injini na ya silikoni. Nilimwonyesha pembe ya nne.

Aliishika boksi muda mrefu, kama mtu anayepima uzito wa nyama. Kisha akasema, "Yassini asijue. Akijua hutakaa hapa hata siku moja, na eda yako haijaisha. Utatoka njiani unakwenda wapi na nguo hizo?"

"Mama, na wewe?"

"Mimi nini?"

"Unaniona vipi?"

"Nimefunga. Usinisemeshe sana."

Machi 9

Futari aliiweka nje ya mlango. Alikuwa akila nami sahani moja tangu siku ya kwanza.

Machi 10

Nje ya mlango.

Machi 17

Nje ya mlango. Lakini maji ya kuoga ameyapasha moto, maana jana alinisikia nikikohoa.

Machi 31

Idi. Nimesikia takbira kutoka msikitini na harufu ya pilau ya jirani. Twahiru alikuwa anapenda ukoko.

Aprili 3

Wameanza. Yassini ameamua, Isaya kakubali shingo upande. Cheni ya kunyanyulia imefungwa kwenye boriti, turbo inaning'inia uani tangu asubuhi. Kwa umeme Yassini kaleta fundi kutoka Mtawanya, kijana wa maneno mengi. Nimemsikia akisema kontroboksi ataiweka chini ya kiti cha abiria, pana nafasi nzuri.

Chini ya kiti! Maji ya mkondo ule yanafika kwenye kiti. Mimi na uzembe wangu wote nilikuwa nimeipandisha usawa wa dashibodi.

Wanataka kuvuka bamvua ya tarehe 13. Siku kumi.

Nilimgongea Bi Somoe ukuta. Nikamwambia, mama, yule kijana atamuua Yassini. Akasema, "Mwachie Mungu." Nikasema Twahiru naye tulimwachia Mungu? Akanitazama, na ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kunitazama usoni. Akatoka.

Aprili 5

Nimefanya jambo baya, au jambo zuri pekee nililofanya mwaka huu. Sijui.

Saa nne asubuhi kijana wa Mtawanya alikwenda kununua nyaya. Isaya alikuwa anachomelea mbele ya nyumba. Yassini peke yake alikuwa kwenye kopo lake. Nikajitanda vizuri, nikasimama kando ya dirisha asinione, nikaita.

"Yassini."

Akaruka. Mjane wa eda hapazi sauti kwa mwanamume asiye maharimu, na kwetu hilo halichezewi. Alidhani kuna maradhi. "Shemeji? Nimwite mama?"

"Usimwite mtu. Nisikilize tu. Injini ile hakuichagua kaka yako."

Nikamwambia. Sikujitetea, na sikulia mpaka nilipofika kwenye neno imekauka. Nilipomaliza, cheni ikalia na upepo.

Akasema, "Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Niliogopa."

"Umenisikiliza miezi miwili nasema kaka alichagua, kaka alichagua."

"Ndiyo."

"Unajua kwa nini nasema?" Sauti yake ilikuwa imeshuka, siyo ya muuza samaki tena. "Pale kijijini sikuwapata watu haraka. Waliniambia ngoja tumalize kupakia ngalawa. Nikangoja. Shemeji, mimi nilikaa nikangoja, nikanywa na chai. Nikajiambia kaka ni fundi, injini kaichagua mwenyewe, ataiwasha tu. Nikija nitamkuta anacheka." Akapiga kopo teke. "Kama kaichagua yeye, basi imani yangu ilikuwa na haki. Sasa umeniondolea na hiyo."

Nilisema, "Usiweke boksi chini ya kiti."

"Nyamaza, shemeji. Tafadhali."

Nikafunga dirisha.

Aprili 6

Hakuna sauti uani.

Aprili 7

Hakuna sauti.

Aprili 9

Kijana wa Mtawanya alikuja, akaondoka na begi lake. Bi Somoe hajaniuliza kitu, lakini anajua, nyumba hii kuta zake ni nyembamba. Chakula nje ya mlango.

Aprili 13

Bamvua imepita. Gari halikutoka.

Aprili 22

Lori la Sherali limekuja. Nilisimama nyuma ya pazia nikihesabu vishindo. Wamepakia injini moja. Sikuona ipi, turubai lilikuwa juu yake. Nimekaa kitandani nikijiuliza mchana kutwa kama mpumbavu, ilhali ningeweza kuuliza.

Mei 4

Wanafunga. Isaya anaimba kwa Kimakonde anapokaza boliti, hufanya hivyo akiwa na furaha. Ningeweza kujua kutokana na hilo, lakini siamini nyimbo.

Mei 8

Saa tano na dakika kumi wameiwasha.

Ilikataa mara mbili. Ya tatu ikakohoa, ikagonga, ikaendelea kugonga, gogogo, gogogo, mtetemo ukaingia hadi kwenye kikombe changu cha maji. Haikuwa na ule mluzi wa turbo. Isaya alipiga kelele, "Ng'oa betri!" Nikasikia kibano cha betri kikifunguliwa, na injini ikaendelea kugonga vile vile, haikujali.

Nilifurahi. Niandike kwa haki, nilifurahi mpaka nikapiga magoti. Kisha nikagundua mikono yangu inatafuta testa yangu ya kupimia umeme mfukoni, na gauni la eda halina mfuko.

Mei 13

Bamvua. Ametoka alfajiri, peke yake. Isaya alitaka kwenda naye, akamkatalia. Alitakiwa arudi saa nane.

Saa nane. Hakuna.

Saa nane na nusu Bi Somoe alikuja, akaingia, akaketi sakafuni kando yangu. Alikuwa na tasbihi, na nilikuwa nikizisikia punje zikipita moja moja. Mvua ikaanza, ya mwisho mwisho ya masika, nyepesi. Nilijaribu kukumbuka kina cha mkondo kwa kila robo saa, nikaacha.

Saa tisa na robo tukasikia gogogo kutoka njia ya msikitini.

Bi Somoe alitoka mbio bila kanga ya kichwa. Nikamsikia Yassini akimwambia Isaya, "Maji yalifika juu ya kiti. Yamenilowesha mpaka kiunoni. Halikuzima." Alirudia, "Halikuzima, halikuzima," mpaka Isaya akamwambia sawa, tumesikia. Nusu ya kaa walikuwa wamekufa. Lile gari ni la polepole, kama alivyosema.

Angekuwa na turbo na boksi chini ya kiti, leo tungekuwa tunatandika mikeka ya msiba.

Jioni sahani ililetwa ndani. Bi Somoe aliiweka kati yetu, akamega tonge la kwanza, akala akitazama ukuta.

Mei 24

Siku zimetimia. Bi Somoe na jirani yangu Hafsa wameniogesha, wakanivua nguo za eda, wakanivisha kanga mpya. Nikatoka uani kwa miguu yangu mwenyewe. Jua liliniumiza macho.

Sanduku langu la vifaa lilikuwa kando ya mlango wa gereji, limefutwa vumbi, testa juu yake, waya wake umekunjwa vizuri. Aliyelifuta sijui ni nani. Isaya alinisalimu kwa mikono miwili. Yassini alikuwa anapakia matenga ya kaa, matupu, anaelekea mdomoni mwa mto. Alisema, "Umetoka salama, shemeji."

"Alhamdulillahi. Gari linakwendaje?"

"Linakwenda. Halina matatizo." Akapandisha tenga jingine. "Halina umeme wa kusumbua."

Hakusema kwa ubaya. Hakunifukuza, wala hakuniita. Bi Somoe kaniambia chumba ni changu nikitaka, na kaniambia pia baba yangu amepiga simu kutoka Mikindani, wanangoja. Nilielewa yote mawili. Kesho nakwenda.

Yassini aliwasha. Gogogo. Nilisimama na sanduku langu mkononi, gari likageuka likatoka lango, akakanyaga breki kumpisha mwanamke mwenye ndoo. Taa za nyuma hazikuwaka, hata moja. Atarudi na giza leo, na njia ya Mtawanya ina malori ya korosho.

Balbu za taa zile ninazo sandukuni, nne, mpya. Kazi ya dakika tano. Niliita, lakini injini ile ina kelele, hakunisikia.